Kadi za Kwenye Simu: Waacheni Wabadilishane, Pakiti Ndiyo ya Kuogopwa



 Leo nataka tuzungumze jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo. Katika muda mfupi limeleta kesi tatu madrasa, mbili za pesa na moja ya ngumi, na katika zote tatu wazazi walifika wakiwa wameshatoa hukumu: simu ivunjwe. Simu haikuvunjwa hata moja, kwa sababu ndiyo hiyohiyo ya mama ya kupokelea pesa za samaki.

Kwa wasiojua kinachoendelea ndani ya simu zao baada ya Isha, nieleze kwanza. Kuna gemu za simu na kompyuta ambazo mchezaji hukusanya kadi. Kadi yenyewe haishikiki. Ni picha na maandishi, ina jina, ina nguvu zake, na ina daraja: nyingine hutoka kila siku, nyingine mtoto atacheza mwaka mzima asiione. Magic: The Gathering Online ilianza mwaka 2002, Hearthstone mwaka 2014, Pokémon TCG Pocket mwezi Oktoba 2024. Hapa kwetu Busia na Tororo hizo wanazijua wachache, zaidi wale wanaorudi likizo kutoka shule za bweni za Nairobi na Kampala. Zinazojulikana na wote ni gemu za mpira, ambamo kila mchezaji wa Ulaya ni kadi, na timu yako ni zile kadi ulizofanikiwa kukusanya. Ukimsikia mwanao anapiga kelele usiku kwamba amempata Messi, amepata kadi.

Kadi hizi hupatikana kwa kucheza, polepole, au kwa kununua pakiti. Na pakiti imefungwa: unalipa kwanza, ndipo unajua ulichonunua. Ishikeni hiyo pakiti akilini, tutairudia.

Sasa swali. Mtoto ana kadi mbili za aina moja, mwenzake anayo ile anayoitafuta. Je, gemu iwaruhusu wabadilishane? Gemu nyingi zinakataa. Mimi nasema ziruhusu. Nitaeleza kwa nini, na pia nitaeleza kikomo chake kiko wapi, maana sisi watu wa mpakani tunajua kwamba kufungua lango si kuruhusu kila kitu kipite.

Tuanze na kesi moja, ili tusizungumze hewani. Vijana wawili wa miaka kumi na tano, mmoja wa upande wa Kenya, mwingine wa mtaa wa Sofia upande wa Uganda. Gemu yao ya mpira, ambayo sitaitaja, hairuhusu kubadilishana kadi. Basi huyu wa Kenya akauza akaunti yake nzima, na kadi zote ndani, kwa shilingi elfu mbili za Kenya. Mwenzake akalipa kwa simu ya mama yake, akapewa barua pepe na neno la siri. Siku ya nne akaunti ikamfungia. Muuzaji alikuwa amebaki na njia ya kuirudisha, akairudisha, na alipoulizwa akajibu kwamba kampuni imesema akaunti haiuzwi, kwa hiyo bado ni yake. Kijana huyu aliyakumbuka masharti ya kampuni siku ya kudhulumu, hakuyakumbuka siku ya kupokea pesa.

Pesa zilirudi. Mama alitaka arudishiwe kwa shilingi za Uganda kwa sababu ndizo zilizotoka kwake, na alikuwa na haki. Baba wa muuzaji akataka kukata ada ya kutumia. Tukabishana hapo karibu saa nzima, mpaka akakubali kwamba mwanawe ndiye aliyesababisha hasara na ada ni juu yao. Lakini kilichonibakia mimi ni jibu la yule mnunuzi. Nilimuuliza kwa nini hakununua ile kadi moja tu aliyokuwa akiitaka. Akaniambia: “Ustadh, haiwezekani. Ukitaka kadi moja lazima ununue mtu mzima.”

Tazameni hapo. Kubadilishana kumekatazwa na biashara haikufa, imehamia vichakani. Nani hapa hajui njia za panya? Ukifunga lango kwa bidhaa ambayo watu wana haja nayo, mahindi hayaachi kuvuka. Yanavuka usiku bila risiti, na anayedhulumiwa hana pa kushtaki kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa kwenye magendo. Kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi hapa Busia mwezi Februari 2018, na Marais wa nchi zote mbili wakaja, tumaini la wengi wetu lilikuwa kwamba njia halali ikiwa nyepesi, mama mwenye ndoo ya omena, au mukene kama wanavyoiita ng’ambo ya pili, hataona haja ya kuzunguka kwenye mashamba. Gemu zinazokataa kubadilishana zimefunga lango, na watoto wetu wako mashambani wanauziana akaunti.

Huenda mzazi akasema: ustadhi, unazungumzia kitu ambacho hakipo. Kadi ya picha ndani ya simu ni mali gani? Ni swali zuri, na mafaqihi wetu hawakulikimbia. Majma‘ ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwezi Desemba 1988, iliamua kwamba haki zisizoshikika kama jina la biashara na haki ya uandishi ni mali kwa desturi ya zama hizi, zina thamani na zinalindwa na sheria. Na katika kikao cha Jeddah cha Machi 1990 ikaeleza kwamba kukabidhiwa kitu si lazima kiwe mkononi. Kunaweza kuwa kwa hukumu, kama pesa inapoingizwa kwenye hesabu yako benki. Sisi wenyewe tumeshakubali hilo bila kusoma maazimio. Salio la simu nani analishika? Unalinunua, unamtumia ndugu yako, naye hasemi hukumpa kitu. Kwa hiyo mimi sioni tabu kusema kwamba kadi iliyo wazi, inayojulikana sifa zake, inayoweza kutoka kwako ikaingia kwa mwenzako, ni kitu kinachofaa kubadilishwa, maadamu picha na maudhui yake hayana haramu.

Ila kuna sharti zito hapo: kadi iwe yako. Na katika gemu nyingi si yako. Yale maandishi marefu ambayo mtoto hubonyeza “nakubali” bila kuyasoma yanasema kwamba kampuni inakupa ruhusa ya kuitumia tu, na siku ikitaka itafunga gemu na kadi zote zitazama nayo. Yaani ulilipa, lakini ulichonunua ni kama kodi ya chumba. Na mwenye nyumba akishaweka sharti kwamba chumba hakipangishwi kwa mwingine, ukakubali, Waislamu tunafungwa na masharti tuliyoyaridhia ikiwa hayahalalishi haramu. Kwa sababu hiyo nimewaambia vijana wa madrasa waziwazi: kuuza akaunti hapana. Kuna kuvunja ahadi ndani yake, na kuna gharari, kwa kuwa muuzaji anauza kitu ambacho hawezi kukikabidhi kikamilifu. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alikataza mauzo ya gharari, na alimkataza Hakiim bin Hizaam (Radhiya Allaahu ‘anhu) kuuza asicho nacho.

Lakini kumwambia mtoto hapana hakuondoi swali tulilonalo kwa wenye gemu: kwa nini mnawauzia watoto kitu kwa bei ya mali, kisha mnawanyima haki ya mwenye mali?

Jibu lao moja ni la kweli, tusilifiche. Kubadilishana huvuta matapeli. Mtu mmoja hufungua akaunti mia, hukusanya kadi za bure katika zote, kisha huzimiminia akaunti moja na kuiuza. Pokémon TCG Pocket ilipofungua mlango wa kubadilishana tarehe 29 Januari 2025, iliweka vizuizi vingi: lazima awe rafiki uliyemsajili, kadi ziwe za daraja moja, na uwe na tiketi maalumu ambazo ulizipata kwa kutoa kadi nyingine nzuri. Wachezaji wakalalamika sana, kampuni ikaeleza kwamba nia ilikuwa kuzuia programu za ulaghai na wenye akaunti nyingi, na baadaye mwaka huohuo tiketi hizo zikaondolewa. Mimi nadhani kwenye urafiki na daraja walikuwa na haki, na kwenye tiketi walizidisha. Kumtoza mtoto kadi nzuri ili apate ruhusa ya kubadilisha kadi nyingine ni ushuru juu ya ushuru.

Jibu lao la pili hawalisemi kwa sauti. Mtoto anayeweza kubadilishana na jirani yake hana haja ya kununua pakiti nyingi. Tazameni Hearthstone. Humo hakuna kubadilishana. Kadi usiyoitaka unaivunja iwe vumbi, na vumbi hilo unatengenezea kadi nyingine. Kadi ya daraja la juu kabisa ukiivunja unapata vumbi 400, na kutengeneza moja ya daraja hilohilo kunahitaji 1,600. Kwa hiyo unavunja nne ili upate moja. Mpeleke mama yeyote wa soko la Busia kwenye meza ya mbadilisha fedha anayechukua noti nne na kurudisha moja, uone kama hawezi kukusanya watu. Watoto wawili wenye kadi mbilimbili wangebadilishana moja kwa moja, kila mmoja akaondoka na alichokitaka, bila kupoteza chochote.

Kuna hadithi ambayo ni hoja yangu kubwa. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) aliwakataza watu wa mjini kuwauzia watu wa mashambani bidhaa zao kama madalali, na akaamuru watu waachwe, kwa maana Allaah huwaruzuku baadhi yao kupitia wengine. Na alikataza misafara kupokewa njiani kabla haijafika sokoni ikajua bei. Makusudio ni kwamba mwenye bidhaa akutane na mwenye haja, bila mwenye nguvu kukaa katikati akiwaficha wasionane. Kampuni inayosema hakuna kubadilishana ila kupitia kwangu, kwa kiwango changu, imekaa katikati hapo hapo.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, kijana mwerevu, alinipinga kwa hadithi ya tende. Inajulikana kwamba Bilaal (Radhiya Allaahu ‘anhu) alileta tende nzuri, akasema alizipata kwa kutoa pishi mbili za tende duni kwa pishi moja, na Mtume akamwambia hiyo ndiyo riba yenyewe, na akamwelekeza auze zile duni kwanza kisha anunue nzuri. “Basi ustadh,” akasema, “kutoa kadi mbili za kawaida kwa kadi moja adimu si riba?” Nilifurahi kwa swali, kwa sababu linaonyesha mtoto anasoma. Lakini jibu ni hapana. Ile ni hukumu ya mali za riba: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi, na vinavyofanana navyo kwa sababu ya hukumu. Kadi si chakula wala si sarafu. Kadi mbili kwa moja inajuzu, kama mbuzi wawili kwa mmoja mnono. Ambapo lazima tuangalie ni pale gemu inapokuwa na sarafu zake, na sarafu hizo zikawa zinauzwa na kununuliwa kwa pesa halisi. Hapo zimeanza kufanana na fedha, na mzazi asiingie bila kuuliza.

Sasa turudi kwenye pakiti.

Mwaka 2001 wanavyuoni wa Saudia walitoa fatwa dhidi ya Pokémon na serikali ikaipiga marufuku, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kufanana kwake na kamari. Wengi walicheka wakati ule. Miaka kumi na saba baadaye, Aprili 2018, tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji, nchi isiyosoma fatwa, ikasema pakiti za kubahatisha zinazouzwa kwa pesa ndani ya baadhi ya gemu ni kamari kwa sheria yao, na mwezi Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza nchini humo zile pointi za kununulia pakiti za gemu ya FIFA. Uholanzi nao walitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni kumi, na hoja yao ilisimama juu ya kubadilishana: kwa kuwa kadi zinaweza kuuzwa, basi zina thamani, na kilichomo katika pakiti ni zawadi ya bahati nasibu. Mwezi Machi 2022 mahakama ya juu ya utawala huko ikaifuta faini, ikisema pakiti ni sehemu ya mchezo mkubwa wa ustadi na si mchezo wa bahati unaosimama peke yake.

Humo ndimo kampuni zimejificha. Zinasema: sisi haturuhusu kubadilishana, kadi haitoki nje, basi haina thamani, basi si kamari. Kwa maneno mengine, zimewafungia watoto mlango ili zisiulizwe juu ya pakiti. Na watu wazuri, hata baadhi ya walimu wenzangu, wameikubali hoja hii na kuona kwamba gemu isiyo na kubadilishana ndiyo salama zaidi kwa mtoto wa Kiislamu.

Mimi naona ni kinyume. Allaah (Subhaanahu wa Ta‘aala) alipoiharamisha maysiri katika Suratul-Maaidah, aya ya 90, aliiweka pamoja na pombe na masanamu, na aya inayofuata ikataja uadui na kuzuiwa na Swala. Maysiri haipimwi kwa kuangalia kama utakachopata kinaweza kuuzwa kesho. Inapimwa wakati unatoa pesa. Je, unajua unanunua nini? Ukitoa shilingi mia mbili usijue kama utapata kitu cha shilingi tano au cha elfu tano, na hamu iliyokufanya utoe ni hiyo ya elfu tano, tayari umeingia. Majma‘ ileile, katika kikao cha Doha cha Januari 2003, ilizizuia kadi za mashindano ambazo watu hulipia ili waingie kwenye bahati ya zawadi, ikazihesabu kuwa aina ya maysiri. Pakiti ni ndugu yao wa karibu sana. Kampuni ikizuia kubadilishana, kamari haikutoka katika pakiti. Kilichotoka ni nafasi ya mtoto kupata kadi kwa njia nyingine isiyo ya pakiti.

Na ndiyo maana natetea kubadilishana. Mtoto wa tajiri atanunua pakiti hamsini mpaka apate. Mtoto wa mwendesha boda boda hana hiyo pesa, na hata akiwa nayo namkataza. Lakini ana subira, ana marafiki, ana kadi mbili za aina moja. Mwacheni abadilishane, na atakuwa na timu nzuri bila kamari na bila simu ya mama kupungukiwa. Kubadilishana kwa kuridhiana ndiko Suratun-Nisaa, aya ya 29, ilikokuacha wazi baada ya kukataza kula mali za watu kwa batili.

Kikomo nilichokiahidi ni hiki: kadi kwa kadi, si kadi kwa pesa. Najua kifiqhi kuuza kitu halali kwa pesa ni halali, na siharamishi. Nazungumzia kinachowafaa watoto. Pesa ikiingia, mchezo unakuwa soko, na soko lina watu wazima wenye mikono mirefu. Magic: The Gathering Online iliruhusu kubadilishana tangu mwanzo, na tiketi za mashindano zinazouzwa dukani mwake kwa dola moja zikageuka kuwa sarafu, na wachuuzi wakawa ni programu za kompyuta zinazonunua na kuuza usiku kucha. Kampuni ya Valve ilitoa Artifact mwezi Novemba 2018 kwa dola ishirini, na baada ya hapo kadi za ziada zikawa za kununua kwa pakiti au sokoni kwa pesa, kampuni ikikata fungu lake katika kila uuzaji. Wachezaji waliondoka kwa kasi, Machi 2019 ikatangazwa kuwa inaundwa upya, na Machi 2021 wakaachana nayo. Halafu kuna Axie Infinity, ambayo mwaka 2021 watu wa Ufilipino waliicheza kama ajira, wakanunua viumbe vya kwenye gemu kwa pesa walizokopa; mwaka 2022 bei zikaanguka na wezi wa mtandaoni wakaiba mamia ya mamilioni ya dola kutoka mtandao wake. Hatutaki hilo Busia. Tumeshachoshwa na vibanda vya kubeti. Na juu ya hilo sheria zetu mbili hazikubaliani: Uganda imeweka miaka 25 tangu sheria ya mwaka 2016, Kenya 18, kwa hiyo kijana wa miaka ishirini ni mtoto akiwa upande mmoja wa lango na mtu mzima akivuka. Kwetu Waislamu haramu haina umri wa kuihalalisha, lakini inatosha kuonyesha kwamba tusingoje serikali itulelee.

Vilevile kadi isiwe ya kushindaniwa. Magic ya karatasi ilipotoka mwaka 1993 ilikuwa na kanuni ya kila mchezaji kuweka kadi na mshindi kuichukua; baadaye wakaiacha. Wanaokumbuka bano wanaijua tofauti. Bano mbili ndogo kwa moja kubwa ni biashara ya watoto, haina neno. Kucheza kwa kula, mshindi aondoke na bano za wenzake, ni kamari hata kama mali yenyewe ni ya kuokota.

Linabaki la umri, na hapa madhehebu yetu ni makali. Kwa Shafi‘i mtoto asiyebaleghe hana mauzo yanayosihi, hata walii wake akimruhusu. Mahanafi na Mahanbali wanayakubali ya mtoto mwenye kupambanua kwa idhini ya walii, na Mahanbali wanasamehe vitu vidogovidogo hata bila idhini. Na Qur’ani inatuamuru kuwajaribu mayatima kabla ya kuwakabidhi mali zao. Na utamjaribu vipi asiyepewa hata kadi ya kubadilisha? Mimi huwaambia wazazi wachukue kauli ya idhini, na idhini iwe ya kweli: baba au mama akae pale, aone kinachotolewa na kinachopokelewa. Nimeona mkubwa wa miaka kumi na sita akichukua kadi ya thamani kwa mdogo wa miaka tisa kwa kumdanganya kwamba imepitwa na wakati. Hizo ndizo ngumi nilizotaja. Kaka wa mdogo alifika kabla yetu. Gemu ingekuwa na siku moja ya kurudisha, khiyari kama tunavyofundisha kwenye kitabu cha mauzo, kadi ingerudi bila jino kung’oka.

Mwalimu mwenzangu wa Tororo hakubaliani nami kabisa. Anasema yote haya ni lahwi, mtoto ahifadhi Juzu ‘Amma, na kuwafundisha fiqhi ya kadi ni kuwafungulia mlango. Namheshimu, na kuhusu muda ana haki: gemu inayomfanya mtoto aikose Magharibi imeshajihukumu yenyewe. Na gemu zenyewe hazilingani, kwani wanavyuoni wetu wa Shafi‘i waliutenga mchezo wa hesabu na fikra, wakauweka karibu na sataranji, na mchezo wa kubahatisha wakauweka karibu na nardi iliyokatazwa. Lakini mlango hatukuufungua sisi. Watoto wanauziana akaunti leo, na mtoto anayejua maana ya gharari kwa kadi ataijua siku atakapouziwa kiwanja kisicho na hati. Tulipoisoma hadithi ya misafara kwa mfano wa kadi, darasa zima lilielewa kwa dakika kumi. Kwa mfano wa ngamia nilikuwa nachukua wiki.

Nimalizie kwa swali la dada mmoja. Mwanawe wa miaka kumi na moja alinunua pakiti kwa M-Pesa yake mara kadhaa, na akapata kadi nzuri sana. Je, azifute? Nilimjibu hivi: pesa imeshakwenda na kampuni hairudishi. Mtoto hajabaleghe, kalamu haijaandika juu yake. Asinunue tena, na kadi hizo zisigeuzwe pesa wala faida. Kuzichezea ni kwepesi zaidi, na kama moyo wake mama hautulii, azifute, ni kheri. Lakini neno la siri la M-Pesa alibadilishe leo hii kabla ya Alasiri, na asimwambie mtu tarakimu zake, hata baba watoto.

Wallaahu a‘lam.